Cetirizine kwenye karakana ya mbao: kidonge kimoja, usiku, baada ya kujibu maswali

Nianze na uamuzi wangu kwa wenye haraka. Kati ya vidonge vya aleji vinavyouzwa bila cheti cha daktari kwenye maduka ya dawa ya Dar es Salaam, nilivyoviweka kwenye sanduku langu la vifaa ni cetirizine ya miligramu 10. Vinafanya kazi, vidonge kumi havifiki bei ya sahani ya chipsi mayai, na unameza kimoja tu kwa siku. Ila mimi nameza usiku, na siku iliyofuata kidonge cha kwanza sikugusa mashine. Hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nikae niandike, maana mafundi wenzangu wengi wanameza dawa za aleji asubuhi, kabla ya kuwasha msumeno, bila kuulizwa wala kuuliza.

Mimi ni fundi seremala, Keko. Natengeneza vitanda, makabati na milango, na mbao zangu nyingi ni mninga na mkongo, mara mojamoja mvule kama mteja amejipanga. Fundi yeyote wa mbao hizi anazijua kwa pua kabla ya kuziona. Ukiupiga mkongo msasa wa mashine, karakana nzima inapiga chafya. Mvule unawatoa baadhi yetu vipele mikononi na shingoni, pale kola ya shati inaposugua. Mninga una harufu nzuri na wateja wanaupenda, lakini vumbi lake laini la mwisho, lile la msasa namba kubwa, linaelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na linajulikana kuamsha hata pumu kwa mwenye nayo. Kwangu mimi linaleta pua kuziba, kamasi jepesi kama maji, macho kuwasha, na ule muwasho wa juu ya koo ambao ulimi unaufikia lakini hauwezi kuutuliza.

Kinachotokea ni hiki. Mwili ukikutana na kitu usichokitaka, seli zake zinamwaga kemikali inayoitwa histamini, na histamini ndiyo inayoleta chafya, kamasi na muwasho. Antihistamini, yaani kundi la hizi dawa za aleji, inawahi kukaa mahali ambapo histamini ingeshika. Kwa hiyo inakusaidia zaidi ikiwa tayari imo mwilini vumbi linapoanza, kuliko ukiimeza baada ya macho kuvimba. Na kwa sababu hiyo hiyo haiondoi vumbi wala haitibu aleji yenyewe. Ukiacha kidonge na vumbi likawa pale pale, hali inarudi.

Nianze na Piriton, kwa sababu ndiyo inayofahamika na kila mtu. Kwetu tumezoea kuita Piriton kila chlorpheniramine, hata iliyotoka kiwanda kingine: kile kidonge kidogo cha njano cha miligramu 4. Siwezi kuinyima haki yake. Inakata chafya vizuri na ni ya bei ndogo kuliko zote. Lakini ni ya kizazi cha kwanza cha dawa hizi, na dawa za kizazi hicho zinapenya hadi kwenye ubongo. Niliipima Jumapili moja nikiwa nyumbani, makusudi, siku isiyo na kazi. Saa moja hivi baada ya kumeza, pua ilikuwa imefunguka. Nikachukua futi nipime fremu ya dirisha la jikoni, na kila nikirudia kupima napata kipimo kingine. Macho yanaona namba, ila namba haikai kichwani hadi nifike kwenye penseli. Mdomo ulikauka kama niliyemeza pumba. Usingizi ulipokuja ulikuwa mzito, na asubuhi yake kichwa kilikuwa bado kina uzito, kwa sababu dawa hii inachelewa kutoka mwilini hata kama nafuu yake inadumu saa nne hadi sita tu.

Sasa mchukue mtu huyo umsimamishe mbele ya msumeno unaozunguka, mkononi ana ubao wa inchi mbili anausukuma kuelekea kwenye meno. Sihitaji kueleza zaidi. Dereva wa bodaboda, dereva wa lori la mikoani, fundi wa kuchomelea aliye juu ya ngazi, wote ni hao hao. Kibaya zaidi ni kwamba anayesinzia kwa dawa hii mara nyingi hajioni kama amesinzia. Anajiona yuko sawa, ila mkono na mguu vinachelewa. Ukiongeza bia moja jioni, usingizi unazidi kwa namna usiyoitarajia. Kama umemeza Piriton, usiendeshe chombo wala mashine, na pombe iache. Kwa mtu mzima kiwango chake ni kidonge kimoja cha miligramu 4 kila baada ya saa nne hadi sita, na kwa saa 24 visizidi sita. Wengi wetu tunaambiwa tu "kutwa mara tatu" na tunaondoka na bahasha.

Hapo ndipo nataka kulisifu duka moja, na silitaji jina kwa sababu sitaki hii ionekane tangazo. Ni duka la dawa lililo karibu na karakana yetu. Nilifika na kusema nataka Piriton za mia tano. Dada wa dukani hakugeukia rafu. Alinitazama mikono, ilikuwa na vumbi jekundu la mninga hadi kwenye viwiko, akauliza, "Fundi, unafanya kazi na mashine?" Nikajibu ndiyo. "Leo utarudi kwenye mashine?" Ndiyo. "Basi hiyo sikupi ya mchana." Kisha yakafuata maswali mengine mfululizo: kuna dawa nyingine natumia? Presha? Kifafa? Figo zimewahi kusumbua? Mkojo unatoka vizuri? Nina presha ya macho? Kuna dawa ya mafua nimemeza leo?

Swali la mkojo lilinishangaza, nikamuuliza lina uhusiano gani na chafya. Akanieleza kwamba dawa za kundi la Piriton zinalegeza misuli ya kibofu na zinabana njia, kwa hiyo mzee mwenye tezi dume iliyotanuka anaweza kumeza kwa ajili ya mafua tu, akashindwa kabisa kukojoa akaishia hospitali kuwekewa mpira. Zinaweza pia kupandisha presha ya macho kwa mwenye ugonjwa huo, na kwa wazee zinaleta kuchanganyikiwa na kuanguka. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna anayempa baba mkwe Piriton. Ana miaka zaidi ya sabini na anaamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo. Nilimweleza kwa heshima, "Baba, hii usimeze hata ukipewa na jirani," akaelewa.

Swali la dawa ya mafua nalo ni la msingi, na naomba mlisome vizuri. Vidonge vingi vya mafua vinavyouzwa kwetu ni mchanganyiko: vina paracetamol, vina kitu cha kufungua pua, na vina chlorpheniramine humo humo. Mtu anameza vya mafua, halafu anaongeza Piriton kwa ajili ya chafya, na usiku anakunywa dawa ya kikohozi ya maji ambayo nayo ina antihistamini ya kusinzisha. Kwa macho ni dawa tatu za shida tatu. Mwilini ni dawa ya aina moja mara tatu. Geuza boksi, tafuta maandishi madogo ya viambato, na kama huoni vizuri mwombe muuzaji akusomee. Neno la kutafuta ni chlorpheniramine, ambalo maboksi mengine huandika chlorphenamine.

Alichonipa dada yule ni cetirizine, pakiti nzima ya vidonge kumi. Sasa nieleze nilivyoiona.

Inaanza kufanya kazi ndani ya saa moja na nguvu yake inakaa siku nzima. Kwa mtu mzima na mtoto wa zaidi ya miaka 12 ni kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku, basi. Ni ya kizazi cha pili, kwa hiyo inapenya kidogo tu kwenye ubongo. Lakini yeyote anayekuambia cetirizine haisinzishi kabisa anakupoteza. Katika majaribio yaliyoandikwa kwenye maelezo yake ya Marekani, watu 14 kati ya 100 waliomeza miligramu 10 walisinzia, ukilinganisha na 6 kati ya 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Huwezi kujua uko kundi gani mpaka umeze. Ndiyo maana kidonge cha kwanza nilimeza baada ya chakula cha usiku, kesho yake nikafanya kazi za mkono: kupiga vanishi, kufunga bawaba, kupiga randa ya mkono. Niliona kichwa kiko sawa, futi inasomeka, ndipo siku iliyofuata nikarudi kwenye msumeno. Wapo wanaosinzia nayo hata mchana wa siku inayofuata, na hao cetirizine si dawa yao kwa siku za kazi.

Kwenye pua na macho imenisaidia sana. Siamki tena nimeziba upande mmoja, na macho hayawashi nikipiga msasa. Kuziba kwenyewe kunapungua lakini hakuishi, hasa siku za mvule. Nilikuja kuelewa kwamba vidonge hivi ni vizuri kwa chafya, kamasi na muwasho, ila kwa pua iliyoziba kabisa kwa muda mrefu dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, aina ya dawa inayotuliza uvimbe, ndiyo yenye nguvu zaidi, na hiyo ni ya kuzungumza na daktari au mfamasia.

Mwenye ugonjwa wa figo asimeze miligramu 10 kwa mazoea, kwa sababu dawa hii inatoka kwa njia ya mkojo na figo dhaifu zinaiacha irundikane. Kiwango chake hupunguzwa. Wala usimeze viwili siku ambayo vumbi limezidi. Madaktari huwaongezea dozi baadhi ya wagonjwa wa vipele vya aleji visivyoisha, lakini wanafanya hivyo wakiwafuatilia. Mimi na wewe dukani tunabaki kwenye kimoja.

Jambo jingine linawahusu wanaoitumia kila siku kwa miezi. Mwezi Mei 2025, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kwamba baadhi ya watu waliotumia cetirizine au ndugu yake levocetirizine kila siku kwa muda mrefu walipata muwasho mkali wa mwili siku chache baada ya kuacha. Ni wachache sana, lakini muwasho wao ulikuwa wa kukosesha raha kabisa. Mtu anaweza kudhani aleji imerudi kwa hasira akaendelea kumeza miaka. Likikutokea, mwone daktari akusaidie kuiacha. Mimi natumia siku za msasa na siku inayofuata, siyo mwaka mzima. Wiki ya kazi za paini, ambayo hainisumbui, sandukuni vinabaki vimefungwa.

Loratadine ya miligramu 10 nayo nimeitumia. Ndiyo iliyomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, Shirika la Afya Duniani, kwa upande wa aleji, inamezwa mara moja kwa siku, na usingizi wake ni mdogo zaidi ya cetirizine. Kwangu ilikuwa nyepesi kidogo kwa muwasho wa macho. Lakini fundi mwenzangu wa meza ya pili, ambaye cetirizine inamlaza kabisa, anafanya kazi nayo vizuri. Nikiulizwa na dereva, nitamwambia aanze na hii, naye aijaribu siku ya mapumziko kwanza. Mwenye ini lenye matatizo aulize kiwango chake. Fexofenadine nayo ipo kwenye maduka makubwa ya mjini, haisinzishi sana, ila ni ghali zaidi, na usiimeze kwa juisi. Juisi ya machungwa, ya tufaha au ya balungi inazuia dawa hiyo isiingie vizuri mwilini. Maji tu.

Kuna kidonge kingine ambacho kinapita mikononi mwa watu kikiitwa dawa ya aleji, na hicho nakiogopa. Ni mchanganyiko wa betamethasone na dexchlorpheniramine. Hiyo dexchlorpheniramine ni ya ukoo wa Piriton. Betamethasone ni steroidi. Nafuu yake ni ya haraka na ya ajabu, vipele vinapotea, na mtu anaanza kula sana. Ndiyo maana wapo wanaoinunua ili wanenepe, kama wengine wanavyonunua cyproheptadine, antihistamini nyingine inayoongeza hamu ya kula. Steroidi ikimezwa hivyo kwa muda mrefu inavimbisha uso, inapandisha presha na sukari, inadhoofisha mifupa na kinga, na ukiikata ghafla mwili unaweza kuzimia kwa sababu umeshasahau kutengeneza ya kwake. Hiyo haistahili kuuzwa bila cheti. Ukipewa kidonge cha aleji ambacho hujui jina lake, usimeze kabla hujasoma kilichomo.

Kusoma kilichomo kunahitaji pakiti yenye maandishi, na hapa nina malalamiko na duka jingine, la upande wa pili wa barabara. Pale ukitaka vidonge vinne, anachukua mkasi anakata pembeni ya pakiti. Nilipofika nyumbani nikageuza mgongo wa foili: jina limekatika katikati, tarehe ya mwisho wa matumizi imebaki kwenye kipande kilichobaki dukani, na namba ya toleo haipo. Kidonge kimoja foili yake ilikuwa imepasuka kwa mkasi, na katika joto na unyevu wa Dar kidonge kilichoguswa na hewa hakikai. Tangu hapo nanunua pakiti nzima, au namwomba muuzaji aniandikie jina, miligramu na tarehe kwenye bahasha mbele yangu. Nikisafiri kufuata mninga Tunduru, nanunua kwenye duka lenye kibao cha Duka la Dawa Muhimu, yale ya DLDM yaliyoanzia huko huko Ruvuma mwaka 2003. Muuzaji wake amepewa mafunzo, na duka lina kibali. Kwenye basi na mnadani sinunui dawa.

Kuhusu watoto nitasema machache. Vidonge vya miligramu 10 si vya mtoto mdogo, na kuvunja kwa kisu jikoni si kipimo. Kuna dawa ya maji yenye kijiko au bomba lake la kupimia, na kiwango kinafuata umri. Nawaomba sana kina mama na kina baba: Piriton ya maji siyo ya kumlaza mtoto anayelia usiku. Kwa mtoto mchanga inaweza kuathiri hata upumuaji. Mjamzito na anayenyonyesha wasimeze kwa kuiga, waulize kwanza. Zipo zinazokubalika, lakini anayechagua awe mtaalamu anayejua mimba ina ukubwa gani.

Na ipo siku kidonge hakifai hata kidogo. Mtu amekula karanga, amechomwa na nyuki au amepigwa sindano, na dakika chache baadaye midomo au ulimi unavimba, sauti inakwaruza, kifua kinabana, anatoka mabaka mwilini, anaona kizunguzungu. Usimpe cetirizine ukasubiri. Anachohitaji ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, hospitali, mara moja. Tafuta gari la kwanza linalopita. Hali kadhalika kifua kinachopiga mluzi kinaweza kuwa pumu, na pumu ina dawa zake.

Kwa mafundi wenzangu, barakoa. Kidonge kinanyamazisha chafya lakini vumbi linaendelea kuingia, na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, tangu mwaka 1995 limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Kwa hiyo navaa barakoa ya kubana, siyo kitambaa. Msasa naupigia nje, upepo ukiwa mgongoni. Na sakafu nainyunyizia maji kabla ya kufagia. Siku nilizofanya yote hayo, mara nyingi kidonge sikihitaji.

Kama unafikiria kwenda kupimwa aleji kwa kuchomwachomwa kwenye ngozi, mwambie daktari mapema kwamba unatumia vidonge hivi. Atakwambia uviache siku kadhaa kabla, kwa sababu vikiwa mwilini ngozi haijibu, na utalipia kipimo kinachosema huna aleji ya kitu chochote.